Nikopeshe Pua

Alikuwa akiniita kutoka mlango wa maabara kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Mwalimu, kuja unikopeshe pua."

Nilikuwa naacha daftari nilizokuwa nasahihisha, navuka ua, nainamia chupa aliyoifungua, nanusa, kisha namwambia nilichonusa. Spiriti tupu. Au spiriti na kitu kingine. Yeye husimama kando, mikono nyuma, akinitazama usoni kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Nikisita, alikuwa na neno lake moja. "Usinionee huruma. Nimeomba pua, sijaomba moyo."

Shuleni kote aliitwa Mama wa Maabara, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari nilikofundisha bayolojia, upande wa Kiplombe, pale mji wa Eldoret unapoanza kuchanganyika na mashamba ya mahindi. Pua yake ilikuwa imekufa kabla sijamjua. Nieleze kidogo, kwa sababu watu wengi hawajui. Kuna dawa inayoitwa formalini, ambayo huzuia mnyama aliyekufa asioze. Ni kali. Ukiifanyia kazi miaka mingi ndani ya chumba ambacho dirisha lake halifunguki vizuri, inaweza kukunyang'anya uwezo wa kunusa, na ngozi ya vidole ikawa kama ya mtu mwingine, isiyohisi kitu. Yeye alipoteza vyote viwili. Baadaye alihamisha wanyama wake kutoka formalini kwenda spiriti, lakini pua haikurudi.

Siku moja nilimwona jikoni akifunua sufuria ya githeri kwa mkono mtupu, mvuke ukimpanda hadi kwenye kiwiko, huku anamsimulia mpishi habari za mazishi ya jirani. Mpishi ndiye aliyeruka.

"Mama, unaungua."

Akautazama mkono wake. "Kweli," akasema. Akaweka kifuniko chini, akaendelea na mazishi.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Sisemi alikuwa na huzuni. Huzuni ina sauti, na yake sikuwahi kuisikia. Hata mume wake alipofariki, tulipoenda kumpa pole nyumbani, alitukaribisha, akahakikisha kila mtu ana kiti, akakaa. Nikamwambia, "Pole sana, Mama." Akanijibu kwa utulivu, "Asante, Mwalimu. Nimeshatupa. Sasa nangoja kumea."

Walimu wenzangu walidhani amechanganyikiwa. Mimi nilielewa, kwa sababu nilikuwa nimemsikia akifundisha habari za jongoo bahari.

Maabara yetu ilikuwa na kabati moja la vioo lenye viumbe wa baharini. Mtu akiuliza vilifikaje huku juu, mbali na maji ya chumvi, jibu ni rahisi. Mkuu wa shule wa zamani alikuwa amefundisha miaka mingi upande wa Lamu, na alipohamishiwa kwetu alikuja navyo ndani ya pipa la plastiki, chini ya basi, kati ya magunia ya vitunguu. Alipostaafu aliviacha. Mama wa Maabara akavirithi kama mtu anavyorithi mbuzi wa jirani aliyehama. Hakuna aliyemwandikia barua kwamba ni vyake, ila kila mtu alijua nani atalaumiwa vikiharibika.

Jongoo bahari alikaa rafu ya chini. Ukimwona unaweza kufikiri ni tango lililosahaulika jikoni. Hana uso. Kazi yake ni kula mchanga wa chini ya bahari na kuutoa ukiwa safi, siku zote za maisha yake. Akitishwa sana, jongoo wa aina fulani hutoa utumbo wake nje na kumwachia adui. Kisha hukaa kimya mahali hadi utumbo mwingine umee.

"Hana haraka," Mama wa Maabara alikuwa akiwaambia wanafunzi. "Anatupa, anangoja, anamea."

"Na mtu akimchukua kabla hajamea?"

"Basi. Wanamkusanya, wanamchemsha, wanamkausha, anaenda kuliwa nchi za mbali. Mchanga unabaki mchafu, na watu wanajiuliza bahari imekuwa nini."

Aliyasema haya bila kupaza sauti, na mimi niliyekuwa na shahada ya ualimu nilikuwa nakaa nyuma ya darasa nikijifunza namna ya kumweleza mtoto hasara ya kitu ambacho hajawahi kuwa nacho. Huo ni ugumu wa kweli kwa mwalimu. Ukimwambia mtoto wa Kiplombe kwamba kiumbe fulani anaisha baharini, anaandika kwenye daftari, anapiga mstari chini, anafunga daftari. Simlaumu. Hata mimi nilikuwa nalisema hilo darasa baada ya darasa, mwaka baada ya mwaka, na mdomo wangu ulikuwa umeshalizoea kiasi kwamba sikujisikia nikilisema.

Njia yake ilikuwa kutafuta kwanza kitu ambacho mtoto tayari anakijua. Juu ya ubao palitundikwa pua ya papa upanga, ndefu na bapa kama ubao, yenye meno makubwa pande zote mbili. Huyo ni samaki wa jamii ya taa ambaye zamani alionekana pwani yetu, na sasa hata wavuvi wazee hulazimika kukumbuka. Mama wa Maabara aliwaambia wanafunzi kwamba silaha hiyo ndiyo inayomuua, kwa sababu meno yake hunasa kwenye nyavu. Kijana mmoja akauliza kwa nini asirudi nyuma ajitoe.

"Wewe umewahi kutoa sweta kwa seng'enge?"

"Ndiyo, Mama."

"Ulirudi nyuma?"

"Nilirudi. Ikararuka."

"Sasa yeye sweta ni pua yake."



Rafu ya kati ilikuwa ya farasi bahari, samaki mdogo mwenye kichwa kama cha farasi na mkia unaojikunja. Hajui kuogelea vizuri, kwa hiyo hujishikilia kwenye nyasi za baharini kwa mkia. Ndani ya chupa ile Mama wa Maabara alikuwa ametia kipande cha waya, akauzungusha mkia wa farasi bahari pale. Nilimuuliza sababu. "Ashike kitu," akasema, akageukia kazi nyingine.

Wavulana walimpenda farasi bahari kwa sababu ya jambo moja, kwamba dume ndiye hubeba mimba.

"Na akina mama wanafanya nini?" mmoja aliuliza.

"Wanaenda chama," akajibu. Uso haukubadilika hata kidogo. Darasa lilicheka hadi naibu mkuu akachungulia dirishani, na yeye alingoja kicheko kiishe kama mtu anayengoja mvua ipungue, kisha akawaambia jinsi farasi bahari wanavyokaushwa kwa maelfu na kuuzwa kama dawa.

Lakini chupa iliyokuwa na rafu yake peke yake, juu kabisa, ilikuwa ya nguva.

Kama hujawahi kumwona nguva usijali, wengi wetu hatujamwona, na kila mwaka inakuwa vigumu zaidi kumwona. Ni mnyama mkubwa mpole wa baharini, mwenye mkia kama wa nyangumi na mdomo ulioelekea chini. Hula nyasi zinazoota chini ya bahari, hunyonyesha mtoto wake, na hupumua hewa kama sisi. Yule wa chupani alikuwa mtoto ambaye hakuzaliwa. Mama yake aliingia kwenye jarife, wavu mkubwa uliotegewa papa. Waliomnasa hawakuwa wakimtafuta. Walipompasua wakamkuta na mtoto, na mkuu wa shule wa zamani akamwomba. Alikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko, rangi ya majivu, mikono miwili midogo imekunjwa kifuani.

Watoto wa Uasin Gishu wamekulia kwenye maziwa. Kila kundi jipya la kidato cha kwanza, bila kuambizana, liliuliza swali lile lile. "Anatoa lita ngapi?"

Mama wa Maabara hakuwahi kulicheka. Alilichukua kama swali la maana na kulijibu. "Za mtoto wake tu. Na ana mtoto mmoja kwa miaka mingi. Sasa nyinyi mnajua ng'ombe. Ng'ombe akizaa mara moja moja hivyo, halafu mtu anakata seng'enge, analima malisho, anatega kamba njiani, boma litabaki na nini?"

"Halitabaki na kitu."

"Ndiyo hivyo. Kule chini kuna malisho. Kuna nyavu zinakokotwa, zinayalima. Na nguva akinaswa hawezi kupanda juu kuvuta pumzi. Anakufa maji."

"Anakufa maji na yeye ni wa baharini?"

"Na yeye ni wa baharini," alirudia, na kuwaacha nalo.

Mkaguzi mmoja aliwahi kumuuliza nguva anasaidia nini, maana hayuko kwenye mtihani. Jibu lake lilikuwa fupi na tukaligeuza kuwa usemi wa chumba cha walimu. "Hayuko kwa mtihani. Lakini yuko."

Sasa nifike kwenye jambo lililomwondolea heshima.

Spiriti hupanda hewani. Hata ukiziba chupa namna gani, maji yanashuka polepole, na mgongo wa mnyama ukichungulia nje unaanza kuoza. Inabidi uongeze. Shule ilinunua spiriti kwa ajili ya majaribio ya mtihani, hesabu kamili, hakuna ya ziada. Ile ya zambarau ya madukani ingempaka nguva rangi. Nesi wa shule alimpa kidogo ya zahanati mara chache, kisha akaambiwa aache. Mama wa Maabara aliandika maombi ofisini, akajibiwa atangoja. Maji yakaendelea kushuka.

Basi akaenda kununua chang'aa.

Alikuwa mtu wa kanisa, mmoja wa viongozi wa akina mama, mwenye kitambaa cheupe kichwani kila Alhamisi. Alikuwa hakubali hata keki iliyotiwa divai. Lakini aliwaza kama mtunza maabara, na chang'aa ni spiriti iliyopikwa nyumbani. Alitaka ile inayotangulia kutoka kwenye mtungi, kabla haijachanganywa na maji, na aliipima mwenyewe kwa kumwaga tone kwenye kifuniko na kuwasha kiberiti. Isiposhika moto wa buluu, hanunui. Wapishi wa chang'aa wa Kiplombe walimwogopa kuliko walevi wote. Mlevi huamini lolote unalomwambia. Huyu alikuja na kiberiti chake.

Alinieleza mwenyewe, akiimimina kwenye chupa ya nguva mbele yangu. "Kuja unikopeshe pua." Nilinusa, nikarudi nyuma.

"Mama, hii ni nini?"

"Wewe niambie."

"Ni chang'aa."

"Kuna kitu kimeoza ndani yake?"

"Hapana."

"Basi ni dawa."

Kwa muda mrefu mambo yalienda hivyo. Kisha mwenzake wa kanisani alimwona akitoka ua wa mpishi wa chang'aa na chupa ya plastiki kwenye mkoba wa Biblia. Jumapili iliyofuata alivuliwa kitambaa na kuwekwa benchi la nyuma. Hakujitetea. Alikaa benchi lile mwaka mzima na zaidi, akiimba nyimbo zote, akitoka wa mwisho. Nilipomuuliza kwa nini haelezi, alisema, "Wameuliza kama nilinunua. Nilinunua." Na wiki hiyo hiyo akanunua tena.

Kilichomrudisha ni harusi ya binti yake. Baba hayupo tena, mama ndiye angesimama mbele kumtoa, na mtu wa benchi la nyuma hasimami mbele. Binti alilia. Mama wa Maabara akakubali kutubu hadharani. Nilihudhuria, ingawa si kanisa langu, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu.

"Mama, ulinunua pombe?" mchungaji aliuliza.

"Nilinunua."

"Ulikunywa?"

"Hapana."

"Sasa ni nani alikunywa?"

Alifikiri kidogo, kama afanyavyo darasani. "Nguva."

Kanisa zima likaangua kicheko. Mchungaji naye aliuma midomo. "Mama, tusitaniane hapa mbele."

"Sitanii. Ni mtoto wa nguva. Ako kwa chupa."

Hawakumwamini, au labda waliamini na ikawa vibaya zaidi. Alitakiwa kuahidi. Akainua mkono wa kulia, ule uliowahi kuungua, akasema kwamba mikono yake haitashika pombe tena, ya kunywa wala ya chupa. Alivishwa kitambaa. Binti aliolewa. Picha ninayo, yeye amesimama mbele, uso wake kama wa siku nyingine zote.

Ahadi ile aliitimiza kabisa. Alikuwa akipita mbele ya kabati asubuhi na kutazama mstari wa maji, na mstari ulikuwa chini kuliko jana. Ofisini bado walimwambia angoje. Muda si mrefu nikahamishwa kwenda shule nyingine upande wa Chepkoilel, kisha nje ya kaunti, na yeye akastaafu.

Nilirudishwa shule ile mwaka huu. Maabara inapakwa rangi likizo hii, na naibu mkuu ametoa agizo kwamba chochote kinachonuka kitupwe shimoni kabla mafundi hawajaanza. Nilifungua kabati. Waya wa farasi bahari umeota kutu, lakini yeye bado ameushika. Jongoo bahari ni mzima. Chupa ya nguva ilikuwa imepungua hadi nusu, mgongo umekauka na kuwa mweusi. Ilinipasa kujisikia vibaya. Nilisimama pale kama mtu anayesoma ubao wa matangazo. Kisha nikampigia simu.

Alikuja kwa boda boda, amezeeka, amevaa sweta la kijani, kitambaa cheupe kichwani. Nilivuta kiti akakaa mbele ya kabati. Aliitazama chupa kwa muda.

"Nikopeshe pua," akasema.

Nilifungua, nikanusa. Mlangoni mafundi walikuwa wakikwangua ukuta.

"Kumeoza, Mama. Juu. Huku chini bado kuna spiriti."

"Mikono iko wapi?"

"Iko chini. Iko mizima."

"Na uso?"

"Uso uko chini."

Aliitikia kwa kichwa. Sikuona lolote usoni pake. Akaweka mikono yake mapajani, kiganja juu ya kiganja, na nikajua kwamba haitatoka pale.

"Mimi siwezi," akasema.

"Najua. Lakini mimi sijamwahidi mchungaji yeyote."

Alinigeukia. "Kuna mlango wa bati ya bluu baada ya posho mill," akasema. "Mwambie ni ya chupa. Na ubebe kiberiti."

Mama wa mlango wa bluu alinipokea kwa mashaka, akaona viatu vyangu vya ualimu. "Ni ya nani?" aliuliza.

"Ya chupa."

Akacheka kwa kohozi. "Yule mama wa samaki bado ako? Ulikuja na kiberiti?"

Nilimwonyesha. "Ai, alikufundisha," akasema, akaenda kuleta ya ndani, si ile iliyokuwa mezani. Ilishika moto wa buluu mara ya kwanza.

Niliporudi alikuwa amekaa vile vile. Alinielekeza bila kunyanyua hata kidole. Nimwage ya zamani kwanza. Nisimgeuze kwa kumshika mkia. Niukate ule mgongo uliokauka kwa wembe, kidogo kidogo, nisione huruma. Nimwoshe. Nimimine mpya nikifuata ukingo wa glasi ili isimpige. Yeye alikuwa akisema, "Unafanya vizuri. Polepole. Unafanya vizuri," kama alivyowaambia wanafunzi wanaoshika darubini mara ya kwanza.

Maji yalifika shingoni mwa chupa. Nikasimama.

"Nikopeshe pua."

Nikainama. "Pombe, Mama."

"Pombe tu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilimtazama, naye alikuwa akinitazama usoni, mikono mapajani.

"Na kuoza kidogo," nikasema. "Kwa mbali."

"Ongeza," akasema.